Jua Linalobaki

Betri ikishajaa, na jua bado linawaka, lile jua linalobaki linaenda wapi?

Baba aliniuliza swali hilo uani kwetu Bwiza, mtaa wa Bujumbura, siku chache kabla ya Ramadhani, huku akitazama paneli mbili za sola juu ya bati. Alizitoa kwanza pini mdomoni, jambo ambalo fundi wa kushona kama yeye hulifanya pale tu anapoona mazungumzo ni mazito. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, shahada ya uchumi, lisansi kama tunavyoiita kwetu, na kwa kuwa sikuwa nimepata kazi, kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wa nyumbani maswali. Sikuzoea kuulizwa.

"Linapotea," nikasema.

"Inapotea namna gani?"

"Linapotea tu, baba. Kama maji yakimwagika."

"Maji ikimwagika inaingia mu udongo. Mi naiona inaingia. Hii inaingia wapi?"

Nilitazama bati. Nilitazama paneli. Nikasema kwamba ni suala la kitaalamu.

"Lisansi nzima," akasema baba, akazirudisha pini mdomoni.

Ili mtu aelewe kwa nini swali lile lilimkosesha usingizi, inabidi ajue tabia yake moja. Baba ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele, kile kinachotazama barabara, ndicho duka lake. Mafundi wengi wa mjini wakishakata nguo yako, kitambaa kinachobaki hukioni tena. Kitageuka kofia ya mtoto wa fundi, au mfuko wa kanzu ya mtu mwingine. Baba hakuwahi kubakiza hata uzi. "Kitambaa yenye inabaki ni ya mwenyewe," husema, na mteja hukabidhiwa nguo yake pamoja na kimfuko cha vipande, vingine vyembamba kama utambi wa taa. Wapo waliomcheka. Dada mmoja wa jirani alijifunga kipande chake kidoleni kama bendeji, akapita mbele ya duka asubuhi nzima akilia kwa uchungu. Baba alimjibu kwamba hata cha kufungia kidonda ni chake, na amshukuru Mungu.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna kitu kinabaki kila mchana juu ya bati lake mwenyewe, na hakijulikani ni cha nani, umemharibia mwezi.

Zile paneli zenyewe zilikuja kwa sababu ya aibu. Zamani baba alishona kwa cherehani ya kukanyaga. Kisha redioni wakaanza kutangaza mabwawa mapya ya umeme, na baba, ambaye huamini redio kuliko anavyoniamini mimi, akaing'oa miguu ya cherehani, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akafunga mota. Mabwawa yalijengwa kweli, hilo sikatai. Lakini kati ya bwawa na sindano ya baba kuna nyaya, na nyaya za mtaani kwetu zilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, zikining'inia kwenye nguzo iliyoegemea ukuta wa jirani kama mtu anayesubiri deni. Moto, ndivyo tunavyouita umeme kwetu, uliendelea kukatika kama kawaida. Nilimuuliza baba kwa nini hakuibakiza ile miguu. Akasema mtu akioa haendelei kulala kwa mama yake.

Basi Idi iliyotangulia, moto ukakatika siku za mwisho, siku zile ambazo fundi hata chai anainywa amesimama. Nguo za wajukuu wa hajati wa nyumba ya kona hazikuisha. Watoto wale walikwenda kuswali Idi na suruali za mwaka uliopita, zimepanda hadi katikati ya miguu. Hajati hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikuja na sahani ya sambusa, akaketi, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akasema, "Fundi, nimekusamehe. Mara moja."

Mtaa wetu mzima hushona anakoshona hajati. Harusi, maulidi, Idi, yeye ndiye anayeamua, na Buyenzi, ng'ambo kidogo tu ya barabara, imejaa mafundi wenye cherehani na ndimi nzuri. Baba alikula ile sambusa kana kwamba ni dawa. Baadaye akauza pikipiki yake kuukuu, akanunua paneli, na betri iliyowahi kufanya kazi kwenye lori, na kisanduku kidogo cha kuunganishia mambo hayo, chenye taa tatu. Nyekundu, betri ina njaa. Njano, inakula. Kijani, imeshiba. Maelezo hayo ni ya mama. Yale ya muuzaji yalikuwa marefu, na hakuna aliyeyakumbuka.

Ramadhani ikaingia, na hajati akaleta vitambaa. Kanzu na suruali za wavulana, magauni ya wasichana, vyote rangi moja ya kijani hafifu ili watoto waonekane kutoka mbali. "Watoto wameongezeka," alisema kwa utulivu, "na miguu yao pia."

Sasa, mafundi wa kwetu mwezi wa Ramadhani hugeuza siku. Mchana wanalala, au wanajilaza na kudai hawajalala. Wakishafuturu na kuswali tarawehe, maduka yanafunguka, wateja wanakuja kujipima nguo huku wakitafuna karanga, na cherehani hulia hadi karibu na daku. Imekuwa hivyo tangu baba alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Kwa hiyo akafanya hivyo hivyo. Na kila asubuhi nilipoamka nilimkuta mama na habari ile ile: betri imezimika katikati ya mshono.

"Ilikuwa mukono ao kola?" nikamuuliza siku moja.

"Kola. Baba yako ameilalia kama mutoto mugonjwa."

Rundo la vitambaa vya kijani lilikuwa halipungui. Mtu akipita barabarani, baba alilifunika kwa shuka. Nikaona kwamba hata mlangoni hasimami tena jioni, asije akakutana na hajati.

Siku moja adhuhuri nilitoka uani. Joto la Bujumbura mwezi ule lilikuwa linapanda kutoka chini na kushuka kutoka juu, likikutana pale alipo mtu. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono juu ya macho. Kile kisanduku ukutani kilikuwa kimewasha taa ya njano, na jua lilikuwa linapiga bati hadi bati linalia.

"Baba, kwa nini unashona usiku?"

"Kwa sababu ni Ramadhani."

"Hiyo siyo sababu, hiyo ni tarehe."

Akaondoa mkono machoni. "We mutoto, mi nimefunga."

"Najua. Jua halijafunga. Jua linakuja mchana, wewe unalala. Linaondoka, wewe unaamka. Halafu unailaumu betri."

"Betri kazi yake ni kuweka jua. Ndiyo maana nilinunua betri."

"Ya lori. Imezeekea barabarani. Iache ipumzike, ushone jua likiwa hapo hapo."

Baba aliketi, akaanza kunihesabia sababu kwa vidole: njaa hutetemesha mkono, watu wataona ajabu, na fundi hulowesha ncha ya uzi kwa mate ili uingie kwenye sindano, na aliyefunga mate yake anayatunza.

"Utalowesha kwa maji. Nitakuletea bakuli."

"Bakuli ya maji! Mbele yangu! Saa saba ya muchana!" Alimgeukia mama aliyekuwa akichambua mchele kivulini. "Unamusikia mutoto wako?"

Mama hakuinua kichwa. "Namusikia. Na hajati naye namusikia, anavyohesabu siku kule kwake."

Baba akainuka.

Kushona kwa njaa ni jambo ambalo sipendekezi kwa mtu anayetaka kuelewana na baba yake. Mimi nilikaa upande mmoja nikipiga pasi ya mkaa, maana ile ya umeme tungeichomeka mara moja tu na betri ingetuaga, na yeye upande wa pili kwenye cherehani, na katikati yetu bakuli la maji. Hatukuliangalia. Tulikuwa na kazi kubwa ya kutoliangalia. Kila alipochovya ncha ya uzi alivuta pumzi kama mtu anayepita mbele ya mkahawa. Aliniambia pasi yangu ina mikunjo. Nikamwambia mikunjo ni ya kitambaa. Akaniambia kitambaa hakisomi, hakina sababu ya kubisha.

Lakini cherehani ilikuwa ikilia. Ililia adhuhuri yote bila kukatika, na kesho yake pia, na betri, kwa kuwa usiku haikuguswa, ikaanza kuamka imeshiba. Mchana taa ikawa kijani, na ikabaki kijani huku mota inazunguka.

Ndipo hajati alipopita.

Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akamtazama fundi anayeshona saa saba ya mchana wa Ramadhani, mwenye nguvu, asiye na dalili ya kulala. Kisha akaliona bakuli.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya kumtembelea mgonjwa, "uko mugonjwa?"

"Apana, hajati. Niko muzima, alhamdulillahi."

"Una safari?"

"Apana."

Macho yake yakarudi kwenye bakuli, yakakaa pale. Nilimwona baba akielewa. Fundi aliyefeli anaweza kusamehewa mara moja. Fundi anayekula mchana nyuma ya cherehani hasamehewi, na habari zake zingefika Buyenzi kabla ya alasiri.

"Ni ya kulowesha uzi," akasema haraka.

"Uzi inakunywa?"

"Hajati, wallahi, ni sababu ya jua. Huyu mutoto wangu, alisoma chuo, anasema jua iko muchana..."

"Hilo nalo alilisoma chuo?"

Nikacheka, nikajifanya nakohoa. Hajati hakucheka. Aliufunga mwavuli, akavuta kigoda, akaketi mlangoni na tasbihi yake, akasema joto ni kali, atapumzika kidogo. Alipumzika hadi alasiri. Baba alishona kama mtu anayefanyiwa mtihani. Kila mkono wake uliposogea kuelekea bakuli, shanga za tasbihi zilisimama. Uzi ulipochovywa na mkono kurudi kwenye sindano, shanga ziliendelea.

Kesho yake akaja tena. Na siku iliyofuata akaja na mto wa kukalia. Sijui ni lini ulinzi uligeuka kuwa mazoea, lakini baada ya muda alikuwa akitukosoa. Kola ile ni pana. Mjukuu yule ana shingo ya babake, iongezeni. Nilipojaribu kumweleza kwamba nchi zenye jua kama letu zinatafuta namna ya kufanya watu watumie umeme mchana badala ya jioni, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na wao wamefunga?"

Taa ya kijani ikatuletea jambo lingine. Baba hakuwa amelisahau swali lake. Kila ilipowaka kijani alitazama juu, akatikisa kichwa, akasema, "Basi inabaki hiyo." Siku moja akatoka hadi barabarani akamwita jirani muuza mchele, na yule wa viatu, na dada wa bendeji, awaambie walete simu zao zichajiwe. Bure. Moto ulikuwa haujaonekana mtaani tangu juzi yake, kwa hiyo walikuja mbio. Simu zikapangwa kwenye meza ya kukatia kama dagaa waliotandazwa juani.

"Baba, nguo hazijaisha," nikamwambia. "Unagawa umeme wa hajati."

"Ya hajati iko inaingia mu cherehani, unaona inazunguka. Hii ni yenye inabaki. Si yangu."

"Ni ya nani, kama si yako?"

"Mi najua? Mwenyewe ni Mungu. Na Mungu hana simu, kwa hiyo napatia jirani."

Hajati, kutoka mlangoni, akasema, "Haki kabisa," akatoa simu yake kwenye kifundo cha kanga.

Nilihofia. Sikuwa na ujuzi wowote wa kuhofia, nilihofia kwa jumla, kama nilivyofundishwa. Kila nilipoona simu mpya mezani niliitazama sindano, nikisubiri ilegee kwa kukosa umeme. Haikulegea.

Siku ya mwisho, kabla ya adhuhuri, nguo zikaisha. Zilining'inia ukutani zote, kijani hafifu, kubwa hadi ndogo. Wajukuu walikuja kuchukua wakapigana vikumbo, na hajati akakagua mishono mmoja mmoja, akiigeuza ndani nje. Baba alimpa kimfuko cha vipande. Hajati akakifungua, akatazama, akakifunga.

"Fundi," alisema, "harusi ya binti wa dada yangu iko baada ya Idi. Utapata jua?"

"Inshallah, hajati."

Alipoondoka, baba aliketi tu, mikono mapajani. Mama akaleta kutoka chumbani kanzu nyeupe iliyokuwa imekatwa tangu mwanzo wa mwezi. Ilikuwa ya baba mwenyewe. Ilikuwa na mkono mmoja.

"Shona yako sasa," mama akasema. "Muchana ungalipo, na taa iko kijani."

Alikuwa ameshaanza kulowesha uzi wakati kinyozi wa mtaa alipoingia anahema. Mashine yake ya kunyolea imeisha chaji, moto haupo, na banda lake limejaa wanaume wanaotaka kunyolewa kwa ajili ya Idi. Mmoja amekwisha kukalia kiti na shuka shingoni.

"Ingia, ingia," akasema baba, akainuka. Akachomoa waya wa cherehani, akachomeka mashine ya kinyozi.

"Baba, chomeka zote mbili!"

"Na kama haitoshi? Ikatike kichwa ya mutu iko nusu? Siku ya Idi?" Kinyozi alifumba macho kwa picha hiyo. "Ya kwangu imeisha, nimemaliza kazi ya watu. Hii sasa ni yenye inabaki."

"Itatosha."

"Unajua ao unasema?"

Taa ya kijani ilikuwa ikinitazama, nami nikaitazama.

"Inatosha ao haitoshi? We ndiye una lisansi."

Sikujua. Baba alisubiri kwa adabu, muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akaikunja kanzu yenye mkono mmoja na kumrudishia mama. Mashine ikachajiwa, ikaondoka, ikarudi, ikachajiwa tena, hadi jua lilipoinama upande wa ziwa.

Kesho yake baba aliswali Idi na kanzu ya zamani, ile yenye doa la chai kifuani ambalo mama hulificha kwa kumwambia atembee na mkono juu ya moyo. Safu za mbele zilikuwa vichwa vimenyolewa vinang'aa hadi vinaumiza macho. Safu ya watoto ilikuwa kijani hafifu mwanzo hadi mwisho, suruali zimefika zinapotakiwa kufika. Tulipokuwa tunarudi, hajati alimsimamisha baba, akamtazama kuanzia kola hadi doa.

"Fundi, hii yako ilishonewa Buyenzi?"

Baba alicheka hadi akauondoa mkono moyoni. Mama akaurudisha.

Baadaye sana nilipata kazi, na kazi ikanipeleka kwenye mkutano wa watu wanaopanga nyaya mpya na betri kubwa, ili umeme wa jua uweze kuingia kwenye mtandao wa nchi bila kuusumbua. Wakati wa chai nilimvizia mhandisi mmoja, mwanamke mwenye haraka, kikombe mkononi, nikamuuliza swali la baba, karibu kwa maneno yake yale yale. Aliniangalia kuona kama ninatania. Kisha akanijibu kabla hajamaliza andazi lake.

Haliendi popote. Betri ikishajaa, kile kisanduku hufunga njia, na paneli hubaki juu ya bati ikipata joto zaidi kidogo, basi. Ukichomeka kitu, njia inafunguka kwa kiasi hicho. Nikamweleza siku ile ya kinyozi: ukubwa wa paneli zetu, saa, mota ya cherehani na mashine ya kunyolea. Akapiga hesabu kichwani. Jua la mchana ule, akasema, lingeziendesha zote mbili kwa pamoja, na simu za jirani juu yake. Kisanduku kilikuwa kinalikataa lile linalobaki tangu asubuhi.